Ruzuku ya Serikali na Majengo ya Mashirika ya Dini katika Tanzania Bara

Neno ruzuku ni ndugu wa neno riziki, na yote mawili tumeyapata kutoka Kiarabu. Kumruzuku mtu ni kumpa cha kumkimu. Lakini tukichunguza historia ya shule na hospitali zetu, tunaona kuwa ruzuku ya serikali kwa mashirika ya kujitolea ilikuja na masharti, nayo iliacha nyuma yake swali zito: jengo ni mali ya nani?

Utaratibu wenyewe ulianza kupata sura katika miaka ya 1920. Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki mwaka 1924, na mwezi wa Oktoba 1925 Gavana Donald Cameron aliwakutanisha wamisheni na maofisa wa serikali mjini Dar es Salaam. Sheria ya Elimu ya mwaka 1927 ikafuata. Shule iliyokubali kukaguliwa, kufuata mafunzo yaliyowekwa na kuajiri walimu wenye vyeti ilistahili kusaidiwa. Shule ndogo za katekisimu huko vijijini hazikustahili, wala vyuo vya Kurani, ambavyo aghalabu ndivyo vilivyokuwa shule za pwani tangu karne nyingi. Matokeo yake si vigumu kuyakisia. Mahali ambapo misheni zilikwisha kuota mizizi, kama vile Kilimanjaro na Bukoba, mwenye madarasa aliongezewa madarasa. Ilipofika mwaka 1945, Aga Khan wa Tatu alianzisha Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, akaahidi kuongeza pauni moja juu ya kila pauni waliyochanga Waislamu wenyewe. Hiyo nayo ilikuwa ruzuku, ila haikutoka katika hazina ya serikali.

Kuna jambo ambalo halikuingia katika hesabu hizo. Sehemu kubwa ya ruzuku ilikwenda kwenye mishahara ya walimu. Kuta zilisimamishwa kwa sadaka kutoka ng'ambo na kwa nguvu za wanavijiji, waliofyatua matofali, wakakata miti na kubeba mchanga vichwani. Kazi hiyo haikuandikiwa shilingi, kwa hiyo baadaye haikuwa na mtetezi.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, swali la umiliki halikuweza kuahirishwa tena. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule zilizokuwa zikipata ruzuku chini ya Serikali, seminari ziliachwa. Pugu, alikopata kufundisha Mwalimu Nyerere hadi mwaka 1955, na Minaki ya Waanglikana, zikawa shule za taifa zima. Walioitetea hatua hiyo walisema kwamba alipaye mishahara ndiye mwenye shule. Kwa maoni yetu hoja hiyo ilikuwa na nguvu kwa upande wa mishahara na dhaifu kwa upande wa kuta. Hoja iliyo nzito zaidi ni nyingine: haikufaa mtoto wa nchi huru akose nafasi ya masomo kwa sababu ya dini ya wazazi wake.

Hospitali zilipita njia tofauti. Palipokosekana hospitali ya serikali wilayani, ya shirika la dini iliteuliwa kufanya kazi hiyo, Serikali ikachangia gharama zake. Kule Muheza neno hilo la kiofisi limegeuka jina la mahali, kwani watu husema wanakwenda Teule. Bugando ya Mwanza ilijengwa na maaskofu wa Kanisa Katoliki, ikafunguliwa mwaka 1971, ikataifishwa mwaka 1972, na mwaka 1985 ikarudishwa kwa maaskofu, huku mishahara ya wafanyakazi ikiendelea kulipwa na Serikali. Kuendesha hospitali ya rufaa, kwa dawa na mitambo yake, ni mzigo ambao hazina ya wakati ule haikuumudu peke yake.

Mwaka 1992 Serikali na makanisa zilitia sahihi mapatano juu ya huduma hizo za elimu na afya. Wengine waliyapokea kama fidia ya mwaka 1969. Baadhi ya Waislamu waliyaona kuwa ni marudio ya ule mpango wa 1925, wakataka kujua wao, waliokosa madarasa tangu mwanzo, watapewa nini cha kujengea.