Kutoka Kipande hadi Kasarani

Katika Kenya ya mkoloni, kipande kilikuwa karatasi iliyokunjwa ndani ya kikebe cha bati, na kikebe hicho kikafungwa kamba na kuvaliwa shingoni. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimika kuwa nacho. Karatasi ilikuwa na jina lake, kabila lake, alama za vidole, mshahara wake, na sahihi ya mwajiri ya kumruhusu kuondoka. Aliyetoka shambani bila sahihi hiyo alihesabiwa mtoro, na askari angeweza kumkamata popote njiani. Mzungu hakuvaa kikebe. Mhindi hakuvaa. Wazee wa Kikuyu walisema wamevishwa kengele ya mbuzi.

Sisemi polisi wa mkoloni hawakukamata wezi. Lakini kazi yao kubwa ilikuwa kulinda nani aishi wapi na nani amtumikie nani, na walimtambua mtuhumiwa kwa rangi kabla hajafungua kinywa.

Mwanaharakati Harry Thuku alipinga kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Machi 1922 akakamatwa, na tarehe 16 umati ukajaa nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe. Wanaume walipoanza kutawanyika, Mary Muthoni Nyanjiru aliwasuta hadharani kwa woga wao, na wanawake wakapaza sauti nyuma yake. Askari wakafyatua risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Serikali ilikiri vifo 21. Wengine walihesabu zaidi.

Mwaka 1947 sheria mpya ikataka watu wa rangi zote waandikishwe. Karatasi ilibadilika, jicho la askari halikubadilika. Tarehe 24 Aprili 1954 Nairobi ilizingirwa katika msako wa waasi dhidi ya mkoloni, na Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatolewa majumbani kwa maelfu na kupangwa foleni. Katika michujo ya miaka hiyo, mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho alitikisa kichwa tu, na maisha ya mwenzake yakakatika hapo.

Uhuru ulipokuja, foleni ilibadilisha watu. Mwaka 1989 Wakenya Wasomali waliamriwa kupigwa msasa peke yao na kupewa kadi ya ziada. Aprili 2014, baada ya milipuko iliyoua watu katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi, msako ulioitwa Usalama Watch ulikamata maelfu, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani.

Mimi ni Mkamba, mkaazi wa Eastleigh. Jioni moja wakati wa msako ule nilikuwa natoka dukani na jirani yangu Msomali, tuliyesoma naye tangu darasa la kwanza. Askari alinitazama usoni akasema, "Mzee, wewe pita." Kisha akamgeukia mwenzangu: "Toa kitambulisho." Alikigeuza, akakikwaruza kwa ukucha, akamuuliza babu yake alizaliwa wapi. Jirani alijibu kila swali kwa upole. Changu nilikuwa nimekiacha nyumbani, wala hakuna aliyekiulizia.

Milipuko ilikuwa ya kweli na waliofiwa walistahili haki. Ila askari anayehitaji habari za muuaji atazipata kwa nani, ikiwa mtaa mzima unafunga mlango akipita?

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kufuta msasa wa ziada ambao Wakenya Wasomali walipitia ili kupata kitambulisho. Ni hatua njema, lakini barabarani bado nataka jambo dogo zaidi: askari aandike kila anayemsimamisha, saa na sababu, na ampe nakala. Ibara ya 49 ya Katiba tayari inampa anayekamatwa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, na Mamlaka ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ipo kisheria tangu 2011. Nawe unayeambiwa "pita", usipite. Simama karibu na jirani yako, soma namba ya askari, na mwende pamoja kuandikisha malalamiko.