Bahati ya harusi ufuoni mwa Ziwa Victoria: Kilichosalia na kinachopotea

WANAFUNZI wangu hupenda kuniuliza iwapo mila za kale za kuitakia ndoa bahati bado zipo huku kwetu Kisumu. Swali hilo huja na kicheko kidogo, kana kwamba tunazungumzia hirizi na milio ya bundi. Nami huwajibu kwa swali: Mnapotaja ‘bahati’, mnamaanisha nini hasa? Kwani hapo, msomaji mpendwa, ndipo penye mzizi wa mambo.

Kiswahili kina maneno mengi ya jambo hili. Bahati ni neno lenye asili ya Kiajemi. Kismati limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya fungu au mgawo, yaani kile ulichokatiwa. Ipo sudi, ipo nyota, na upande wa pili kuna nuksi, mkosi na kisirani. Pwani, aliyeona dalili ya shari kabla ya safari husema amepata ndege mbaya. Maneno haya yote yanamweka binadamu katika nafasi ya mpokeaji. Bahati humjia, nuksi humwandama, naye hana la kufanya ila kungoja.

Katika Dholuo, bahati ni hawi, na mwenye bahati ni jahawi. Hata hivyo, wazee walipozungumzia ndoa, neno hawi halikusimama peke yake. Lilikuwa na jamaa zake: gweth, yaani baraka, kwer, yaani mwiko, na chira, yale maradhi ya kudhoofika na misiba inayomfuata aliyevunja mwiko. Yapange maneno haya manne pamoja na utaona fikra tofauti kidogo. Bahati ya ndoa ilitayarishwa na watu. Ilikuwa na masharti yake, wakaguzi wake na mashahidi wake. Hoja yangu leo ni kwamba mila nyingi tunazoziita za ‘kuleta bahati’ zilikuwa njia za kuikagua ndoa kabla haijafungwa. Mapambo ya mila hizo yamesalia, tena yamenawiri. Ukaguzi ndio unaopotea.

Hebu tuanze na jagam, ambaye kwa Kiswahili tungemwita mshenga. Wengine walimwita wang’yo. Wang’ ni jicho na yo ni njia. Aghalabu alikuwa mtu aliyezijua familia zote mbili, pengine shangazi wa msichana aliyekuwa ameolewa katika kijiji cha mvulana. Kazi yake ilikuwa kuuliza yale ambayo wakwe hawangeweza kuulizana ana kwa ana. Je, kuna udugu wa damu baina ya hawa wawili? Kuna fununu za uchawi katika boma lile? Kuna wizi, ugomvi usioisha, uvivu? Kwa kuwa Waluo hawaoani ndani ya ukoo mmoja, swali la udugu pekee lilihitaji mtu mwenye kumbukumbu ndefu. Ndoa ikiyumba baadaye, jagam ndiye aliyeitwa kwanza. Alikuwa amelitia jina lake rehani.

Tuna bahati (neno hilo tena!) kwamba watu wa hapa hapa waliyaandika mambo haya mapema. Chifu Paul Mboya wa Karachuonyo alichapisha kitabu chake kwa Dholuo, Luo Kitgi gi Timbegi, mwaka wa 1938. Mwaka wa 1952, Simeon Ominde, yule yule ambaye baadaye aliongoza tume ya elimu ya 1964, alichapisha kitabu kidogo kuhusu maisha ya msichana wa Kiluo tangu utotoni hadi ndoa. Mafunzo ya msichana huyo yalikuwa na mahali pake, nayo ni siwindhe, nyumba ya nyanya, ambamo wasichana walilala na kuambiwa mambo ya dunia bila kufichwa. Msomaji wa Pwani atawakumbuka kungwi na somo. Kazi ni ile ile. Kilichotofautiana ni nyumba na ngoma.

Halafu kulikuwa na ayie. Kwa tafsiri ya moja kwa moja, ayie ni ‘nimekubali’. Ni zawadi anayopewa mama wa msichana, nayo ndiyo hufungua njia ya ng’ombe wa nyombo. Ulinganishe na Kiswahili cha Pwani. Mama wa bibi harusi hupewa mkaja, na mkaja ni nguo ambayo mzazi hujifunga tumboni baada ya kujifungua. Kuna pia ubeleko, nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Baba naye hupewa kilemba. Jamii mbili zilizotengana kwa mamia ya kilomita zilikubaliana kuwa ndoa haiwezi kuwa na heri ikiwa mama aliyezaa na kubeba mgongoni hajatajwa wala kushukuriwa.

Hapa lugha yetu hutuchezea shere kidogo. Tumezoea kutafsiri neno keny kuwa ‘mahari’, na magazeti yetu yote hufanya hivyo. Katika sheria ya Kiislamu, mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Keny huenda kwa jamaa zake, na mara nyingi ng’ombe hao walitoka tena zizini ndugu yake wa kiume alipokuwa tayari kuoa. Kwa hiyo ng’ombe mmoja angeweza kuziunganisha nyumba tatu au nne. Akiwa na kasoro, kasoro hiyo ilisafiri naye. Hii ndiyo sababu wazee waliuliza swali ambalo siku hizi halisikiki kabisa: Mali hii imetoka wapi?

Mwanaanthropolojia Parker Shipton, aliyefanya utafiti Nyanza Kusini mapema katika miaka ya 1980, alichapisha mwaka wa 1989 kitabu kuhusu kile Waluo wanachokiita pesa makech, yaani pesa chungu. Hizo ni pesa zilizotokana na kuuza ardhi, dhahabu, tumbaku, bangi, au hata jogoo wa boma. Pesa za wizi zilihesabiwa humo humo, na pia zile zilizopatikana kwa sudi tu, bila jasho. Mtu angeweza kuzitumia kwa mambo mengine madogo madogo. Lakini akinunulia ng’ombe na kuwapeleka ukweni, iliaminiwa kuwa mifugo ingekufa na nyumba ingepatwa na msiba. Ilibidi zitakaswe kwanza.

Sasa msomaji wa leo atacheka akisikia habari za jogoo. Asiharakishe. Ardhi ni ya vizazi vyote, na anayeiuza ili aoe anakula sehemu ya watoto ambao ndoa hiyo itawazaa. Jogoo ndiye ishara ya mwenye boma. Kumuuza ni kama kuuza heshima ya nyumba. Pesa za kuokota hazina anayeweza kuzishuhudia. Kila mwiko hapa una hesabu yake, na hesabu hiyo imevaa vazi la nuksi ili hata kijana mkaidi aiogope.

Baada ya hapo zikaja bahati za kigeni. Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901. Mwaka wa 1906 wamishonari wa Kianglikana walianza kazi Maseno, na Waadventista wakaanza Gendia. Harusi ya kanisani ikaingia, na Dholuo ikalichukua neno la Kiswahili, lenye asili ya Kiarabu, ikaliita arus. Gauni jeupe likafuata. Malkia Victoria wa Uingereza alifunga ndoa mnamo Februari 1840 akiwa amevaa nguo nyeupe, na mtindo huo ukaenea. Kabla ya hapo mabibi harusi wa Kiingereza walivaa rangi yoyote. Miaka 18 baadaye John Speke akalipa Nam Lolwe jina la malkia huyo huyo. Jina lake likakaa ziwani, gauni lake likakaa kanisani.

Waingereza nao walikuja na mambo yao ya kuleta heri: bibi harusi awe na kitu cha zamani, kipya, cha kuazima na cha buluu, arushe shada la maua, na atakayelidaka ndiye atakayefuata kuolewa. Nenda kwenye ukumbi wa hoteli yoyote mjini Kisumu Jumamosi na utawaona wasomi wetu, wenye shahada zao, wakiruka juu kulidaka shada. Ndio wale wale wanaocheka habari za jogoo.

Basi, ni nini kilichosalia? Ayie imesalia, tena imevimba. Siku hizi ina hema, emsii, sare za vitenge, mpigapicha na droni inayovuma juu ya paa la mama mkwe. Kiasi cha pesa hutangazwa kwa kipaza sauti huku kina mama wakipiga vigelegele. Heshima baina ya mama mkwe na mkwewe wa kiume nayo ingalipo. Wapo wazazi ambao hawawezi kulala katika nyumba ya kupanga ya binti yao hata kama wamekuja Kisumu kwa matibabu, wakatafutiwa mahali kwingine. Bado zipo familia ambazo haziruhusu mdogo aoe kabla ya mkubwa wake, kwa kuogopa chira. Na mke akifariki kabla ya kutolewa keny, mume huenda akatakiwa kuitoa kwanza ndipo azike. Hapo mila haina mzaha hata kidogo.

Kilichokonda ni jagam na swali la mali ilikotoka. Vijana wanakutana chuoni, kazini au kwenye simu, wanaanza na njoo-tukae, na siku ya ayie inapofika tayari wana watoto wawili. Silalamiki kuhusu hilo. Hata zamani palikuwa na por, yaani kutoroka na mpenzi, na wazee walijua kurekebisha mambo baadaye. Ninacholalamikia ni kwamba sherehe hugharamiwa kwa mkopo wa simu, au kwa pesa za kamari, na hakuna mzee anayethubutu kuuliza. Mkopo huo huanza kudaiwa Jumatatu, kabla hata mahema hayajarudishwa. Ikiwa hizo si pesa chungu, sijui tuziite nini.

Sisemi kila cha kale kirudi. Ipo mila ya ywayo, ya vijana kumvamia msichana na kumburuta hadi kwa mume huku akilia, kilio ambacho kilichukuliwa kuwa dalili ya malezi mema. Nani angeweza kutofautisha kilio cha adabu na kilio cha kweli? Katiba ya 2010, katika kifungu cha 45, inataka hiari ya wote wawili, na mila hiyo haina pa kusimama. Vivyo hivyo tuache tabia ya kumtwika bibi harusi nuksi za boma zima. Mvua ikikosa, ng’ombe wakifa, mume akipoteza kazi, wanasema: “Tangu aje huyu!” Marehemu Grace Ogot aliandika riwaya ya Dholuo iitwayo Miaha, yaani ‘bibi harusi’, mwaka wa 1983, akitumia masimulizi ya kale ambamo kosa la mke mgeni linawaletea watu wote adha ya kulima kwa jasho. Simulizi ni tamu. Lakini mwanamke wa Kondele au Nyalenda anayeitwa kisirani na wakwe zake haishi ndani ya simulizi.

Jambo moja zaidi, na hili ni la dharura. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua ndoa ya kimila, inasema kuwa kiasi kidogo tu cha mahari, kama ishara, kinatosha kuithibitisha, na inawataka wahusika wamjulishe msajili katika muda wa miezi mitatu baada ya kukamilisha taratibu za mila. Mnamo Januari 2023, Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba kuishi pamoja pekee si tikiti ya kuhesabiwa mume na mke, na kwamba dhana hiyo itumiwe kwa nadra. Maana yake ni nini kwa mjane ambaye shemeji zake wanamfukuza nyumbani? Zamani jagam angesimama na kusema, “Mimi ndiye niliyemleta.” Leo asiye na jagam na asiye na cheti anabaki na picha za droni.

Kwa hiyo nikiulizwa tuhifadhi lipi, nitajibu kuwa tuhifadhi maswali. Kabla ya kukodi hema, familia zitafute mtu mmoja anayeheshimiwa na pande zote mbili, awe shangazi, mjomba au jirani, na wampe idhini ya kuuliza: Pesa hizi zimetoka wapi? Kuna jambo lolote linalofichwa? Mkikosana mtamwita nani? Akishamaliza, wahusika waende kwa msajili. Droni ije baadaye, ikiwa pesa zimebaki.

Nimalizie kwa sarufi. Katika ayie, kile kiambishi a- ni cha nafsi ya kwanza umoja: ‘mimi nimekubali’. Kwa muda mrefu mwenye kulitamka alikuwa mama wa msichana. Neno lenyewe halijamkataza binti yake kulitamka pia, na Katiba sasa inamtaka alitamke. Mzee atakayeongoza ayie mwezi huu na amwite mbele ya watu, ampe kipaza sauti, tumsikie akilisema kwa kinywa chake.