Mitazamo ya Wasafiri wa Kigeni kuhusu Korogwe na Handeni, 1893–1917

Korogwe haukuwa mji wa kutalii. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika hapo mwaka 1902, na mji ukakua katikati ya mashamba ya mkonge, zao lililoletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893. Hata hivyo, wageni hawakuuona kwa jicho moja. Kwa Mjerumani aliyefuata ubaridi wa Wilhelmstal, yaani Lushoto, Korogwe ilikuwa stesheni ya njiani tu. Kwa mwenye shamba, bonde lilelile lenye joto lilikuwa mali. Wamisionari wa UMCA, waliojenga vituo Korogwe na Kwa Mkono, Handeni, walikuja kukaa; hivyo walilazimika kujifunza lugha na majina ya wenyeji.

Juni 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliteka Korogwe na Handeni. Francis Brett Young, tabibu aliyefuatana nayo, alichapisha *Marching on Tanga* mwaka 1917. Humo nchi hiyo ni ya mwendo mrefu na homa.

Tofauti hizo hazikutokana na ardhi, bali na shughuli iliyomleta kila mgeni. Kwa hiyo, maandishi yao ni ushahidi kuhusu wasafiri kabla ya kuwa ushahidi kuhusu mji. Manamba waliokata mkonge na Wazigua waliowabebea wageni mizigo hawakuulizwa walivyoiona Korogwe. Historia inayowategemea wapita njia pekee itaendelea kuwasahau waliobaki.