Ngoma Iliyofungiwa Kabatini

Msomaji, ukipata nafasi ya kuingia katika jumba la makumbusho, tazama vyombo vya muziki vilivyowekwa humo, kisha utege sikio. Hutasikia kitu. Upanga uliotundikwa ukutani ungali upanga, na mtungi mkavu ungali mtungi. Mtu akiviona hutambua kazi yake mara moja. Lakini ngoma isiyolia ni nini ila gogo na ngozi? Jambo hili sikulifikiri mpaka siku nilipowavusha wanafunzi kwa kivuko cha Likoni kwenda kutazama mambo ya kale. Tulisimama mbele ya kabati moja la kioo. Msichana mmoja wa kutoka Msambweni akasoma kikaratasi kilichobandikwa, akanigeukia akauliza, "Mwalimu, na inalia vipi?" Kikaratasi kilitaja mti, ngozi na kabila, sauti hakikuitaja. Nami niliyesomea ualimu wa historia sikuwa na jibu la kumpa. Insha hii ni jibu lililochelewa.

Wazee wa pwani yetu hawakutengeneza vyombo vyao ili vitazamwe. Siwa ya Pate, iliyochongwa kwa pembe ya ndovu na kupita kimo cha mtu kwa urefu, ilipulizwa katika sherehe za watawala na arusi za wakubwa. Aliyekuwa na siwa alikuwa na haki ya kusikilizwa mjini. Leo imekaa katika makumbusho ya Lamu, na hapana shaka imehifadhiwa vyema, lakini imenyamaza. Habari ya ngoma ya Wapokomo ni nzito zaidi. Watu hao wa Mto Tana walikuwa na ngoma takatifu iitwayo ngadji, na mlio wake ulikuwa ndiyo alama ya utawala wao. Maofisa wa Kiingereza waliichukua, na mwaka 1908 ikafika katika British Museum mjini London, ikawekwa ghalani. Wazee wa Kipokomo wamekuwa wakiidai. Fikiri, msomaji: serikali nzima ya watu iliweza kunyamazishwa kwa kubebwa chombo kimoja! Maofisa wale walijua walichokichukua kuliko wengi wetu tujuavyo tulichobakiwa nacho.

Basi jumba la makumbusho laweza kuwa kaburi la muziki. Je, ni lazima liwe hivyo? Tulitazame lile lililo karibu nasi, Fort Jesus ya Mombasa. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Baadaye Wamazrui waliitawala Mombasa, na Seyyid Said alipowaondoa mwaka 1837, tawi moja la ukoo huo likafanya makao Gazi, kijiji ambacho mtu wa Msambweni akifikia bila safari ndefu. Kutoka hapo Gazi, Mbaruk bin Rashid alipigana na Waingereza mwaka 1895, hata akalazimika mwaka uliofuata kukimbilia nchi iliyokuwa ya Wadachi. Nayo ngome ikageuzwa gereza tangu 1895 mpaka 1958. Naitaja habari hii kwa sababu wapo vijana wa Kwale wanaodhani kuwa ngome ile ni mali ya watu wa ng'ambo ya kivuko. Sivyo. Katika kuta zile imo historia ya nyumba zetu.

Mwaka 1960, baada ya kuchimbuliwa na kutengenezwa kwa fedha za Mfuko wa Gulbenkian, Fort Jesus ilifunguliwa kuwa makumbusho. Mwaka huo huo, mbali sana na hapa, Museum of Modern Art ya New York ilianza kuwaalika wapigaji wa jazz kupiga bustanini jioni za kiangazi, kati ya sanamu za shaba na za mawe. Hakuna aliyepanga mambo hayo mawili yaende pamoja, lakini mimi hupenda kuyaweka pamoja. Kule waliona kwamba watu wanaokuja kutazama sanaa iliyosimama wanaweza pia kuisikia sanaa inayopita, ambayo ikiisha imekwisha, na kesho hupigwa nyingine.

Na jazz yenyewe si mgeni kabisa kwetu. Ilizaliwa New Orleans, katika mji ambao zamani watumwa Waafrika waliruhusiwa kukutana siku za Jumapili katika uwanja ulioitwa Congo Square, wakapiga ngoma na kucheza. Wajukuu zao walipotwaa tarumbeta za bendi za kijeshi, walizipiga kwa mwendo wao wenyewe. Sasa rudi pwani yetu. Katika miaka ya 1890, vijana wa Mombasa na Lamu nao walizitazama bendi za askari na mabaharia, wakaanzisha ngoma ya beni. Walijigawa katika vyama vilivyoshindana kwa mavazi, vyeo na matarumbeta. Mombasa kulikuwa na Kingi na Scotchi. Vita vya 1914 viliieneza beni mpaka bara. Hakuna aliyewafundisha watu wa New Orleans na wa Mombasa kufanya jambo moja. Walikuwa watu waliosikia tarumbeta ya mtawala wakaamua kwamba yaweza kusema maneno mengine.

Ndiyo maana jina la jazz lilipofika huku lilipata wenyewe upesi. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932, na Morogoro Jazz Band mwaka 1944. Muziki wao haukuwa ule wa New Orleans. Ulikuwa wa dansi, na magitaa yake yalijifunza sana kutoka sahani za Kuba. Lakini jina walilichukua kwa fahari. Mwaka 1971 ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walifika Mombasa wakaunda Simba Wanyika, na mpaka leo wako wazee wa Ukunda ambao ukitaja jina hilo huacha kahawa ikapoa.

Wakati huo hoteli za Diani zilikuwa zikiongezeka, na hapa muziki wa jioni ukapata bwana mpya. Sitaki kuwalaumu wapigaji. Hoteli iliwapa mshahara, na mshahara ulisomesha watoto. Kikundi cha Them Mushrooms, vijana wa Kaloleni, kilikomaa katika hoteli za pwani, na mwaka 1982 kikatoa "Jambo Bwana", wimbo uliomfundisha mgeni salamu chache za Kiswahili, ukazunguka dunia nzima. Kazi hiyo si ndogo. Lakini itazame sengenya ya Wadigo na Waduruma. Zumari hutangulia, na mpulizaji hujaza mashavu na kuvuta pumzi puani bila kukata sauti. Ngoma ndogo na kubwa hujibizana chini yake, na upatu huyashika yote yasitawanyike. Arusini sengenya hukesha. Hotelini nimeiona ikipewa robo saa, kati ya chakula na matunda, wachezaji wamevishwa ngozi za madoadoa ambazo babu zao hawakuzivaa. Mgeni hupiga makofi, naye hakudanganya, maana alifurahi kweli. Lakini alichokiona ni kipande kilichokatwa kwa kisu cha saa.

Kisha ikaja Agosti 1997. Fujo zilianza Likoni, watu wakauawa, maelfu wakayahama makazi yao, na hoteli za kusini zikakosa wageni. Majukwaa yakawa giza. Muziki uliotegemea mgeni ulikaa kimya pamoja naye, na yule aliyejua kupiga robo saa tu hakuwa na pengine pa kupiga. Sengenya ya arusini iliendelea, kwa kuwa watu hawakuacha kuoana.

Unguja wamejaribu njia nyingine. Ngome Kongwe, ambayo nayo iliwahi kuwa gereza, tangu 2004 huwa uwanja wa tamasha la Sauti za Busara, na wenyeji huketi humo pamoja na wageni mpaka usiku. Fort Jesus pia imepata jioni zake, za sauti na mwanga, za ngoma na taarabu. Natamani ziwe nyingi zaidi, na bei ya mlangoni iwe ya mtu wa Matuga mwenye nauli tu.

Mimi sikuwa na ngome, bali nilikuwa na bwalo la chuo. Mwaka jana tulipanga juu ya meza vitu vilivyoletwa na wanafunzi kutoka makwao: kinu, mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu, upatu wenye nyufa. Nikamwomba mzee mmoja mpiga zumari kutoka upande wa Msambweni aje na wenzake baada ya swala ya isha. Walipofika, kwanza waliwasha moto nje wakazianika ngozi za ngoma, na nusu saa nzima hapakuwa na muziki. Wanafunzi wakaanza kunung'unika. Mzee alipoingia na kuwaona wote wameketi viti kwa safu, mikono mapajani, akaliteremsha zumari lake.

"Mwalimu," akasema, "hawa ni wagonjwa?"

"La, mzee wangu. Wanakungoja wasikilize."

"Hii haisikilizwi hivyo. Nimpigie nani, viti?"

Tukavitoa viti nje. Ilituchukua muda, maana ni vizito na mlango ni mmoja. Yule msichana aliyeniuliza swali mbele ya kabati alikuwa wa kwanza kuingia katika duara, na kabla zumari halijamaliza mzunguko wake wa kwanza aligeuka kunitazama, kisha akacheka na kunipa mgongo.