Droni kwenye mnada wa hisani: namna ya kuipangia bei huduma iliyotolewa sadaka

Anayehudhuria harambee huku kwetu anajua mpango wake. Sheikh atafungua kwa dua, wageni watatambulishwa, bahasha zitasomwa, halafu utaingia mnada. Ananadiwa mbuzi, inanadiwa keki, jogoo mmoja anauzwa mara nne na kila mara anarudishwa kwenye meza. Siku hizi vijana wenye ujuzi nao wanatoa kile walicho nacho: kushona, kutengeneza kompyuta, kupiga picha kwa droni. Ni sadaka nzuri. Ila mbuzi anaonekana na kila mtu ukumbini, na droni haionekani. Kinachouzwa pale ni ahadi, na ahadi ikipangiwa bei ovyo huleta ugomvi.

Niliyaona mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilialikwa Garissa kuwa mshereheshaji katika harambee ya kuezeka madrasa. Kijana mmoja alijitolea huduma ya droni, na kamati ikaandika kwenye karatasi: "Droni siku nzima, thamani shilingi 100,000." Mzee mmoja mfanyabiashara wa mifugo akaichukua kwa 60,000, akatakbiriwa. Alikuwa na harusi ya binti yake. Harusi ilipofika, ikabainika kwamba ukumbi uko karibu na uwanja wa ndege na kijana hana kibali cha kuruka pale. Tena kwa kijana "siku nzima" ilikuwa betri nne, na kwa mzee ilikuwa tangu asubuhi hadi bibi harusi atoke. Mzee akadai pesa zake, nazo zilikuwa zimeshakuwa mabati juu ya paa. Wanakamati walichangishana mifukoni mwao kumrudishia, nami nilitoa fungu langu kwa sababu ni mdomo wangu uliotangaza ile laki moja.

Makala haya ni kwa kamati na kwa watoaji, ili aibu kama ile isijirudie.

Mnada na uislamu wake

Kuuza kwa kupandishiana bei si jambo geni katika dini. Katika hadithi ya Anas bin Malik iliyo kwa Abu Daud, mtu wa Ansari alikwenda kuomba msaada. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwagiza alete vitu vyake viwili, tandiko na chombo cha kunywea maji, akavinadi mbele ya watu. Mmoja akasema dirhamu moja, Mtume akauliza nani atazidisha, na mwingine akatoa mbili. Dirhamu moja ikanunua chakula cha nyumbani, ya pili ikanunua shoka la kukatia kuni, na baada ya siku kumi na tano yule mtu alirudi akiwa amechuma dirhamu kumi.

Vile vitu vilikuwa mbele ya macho ya wanunuzi. Sheria ya biashara katika Uislamu inakataza gharari, yaani kuuza kitu kisichojulikana sifa zake. Huduma haiwezi kuwekwa mezani, kwa hiyo maandishi yachukue nafasi ya macho. Kabla ya kuuliza bei gani, kamati iulize nini hasa kinauzwa.

Bei tatu zisizochanganywa

Kosa la kwanza la kamati nyingi ni kutumia neno "thamani" kwa mambo matatu tofauti.

Ya kwanza ni thamani ya soko: kile ambacho mpiga picha huyu anawatoza wateja wake wa kawaida kwa kazi hiyohiyo, mji huohuo. Dawa yake ni rahisi. Mwombe mtoaji risiti au ankara mbili tatu za karibuni. Ikiwa hajawahi kulipwa kwa kazi ya droni, waulizwe wapiga picha wengine wawili wa mjini, ichukuliwe bei ya kati. Bei ya Nairobi au Diani si bei ya Garissa.

Ya pili ni gharama ya mtoaji: pesa zitakazomtoka mfukoni ili kutimiza ahadi. Humo mna mafuta ya gari, posho ya msaidizi, vibali na uchakavu wa betri na propela.

Ya tatu ni bei ya kuanzia: pale dalali anapofungulia. Katika minada ya hisani duniani, desturi ni kuanza kati ya asilimia 30 na 50 ya thamani ya soko, ili watu wengi waingie mapema na mashindano yenyewe yapandishe. Ukianzia kwenye thamani kamili, ukumbi hunyamaza, na ukumbi ulionyamaza ni vigumu kuuamsha.

Hesabu ya mfano

Tarakimu hizi ni za mfano tu, weka zako. Tuseme mpiga picha wa Garissa anatoza shilingi 25,000 kwa nusu siku na 10,000 kuhariri video. Thamani ya soko ni 35,000. Mfukoni zitamtoka 3,000 za mafuta, 2,000 za msaidizi na 1,500 za uchakavu: jumla 6,500. Bei ya kuanzia kwa asilimia 40 ni 14,000, na kila nyongeza iwe 2,000.

Ikiuzwa kwa 22,000, mfuko umepata 22,000 na mtoaji ametoa 6,500 pamoja na jasho lake. Hiyo ni sadaka iliyozaa. Kama walikubaliana arudishiwe gharama, mfuko unabaki na 15,500. Si vibaya, lakini lazima litangazwe kabla ya mnada. Mnunuzi anaambiwa pesa yake inakwenda kwenye kisima. Isije ikajulikana baadaye kwamba sehemu ilikwenda kwenye petroli.

Sasa chukua mtoaji anayetoka Nairobi, takriban kilomita 370 barabarani. Akitumia 25,000 kwa safari, malazi na chakula, na huduma ikauzwa kwa 22,000, hasara imezidi faida. Afadhali angetuma zile 25,000 taslimu. Kanuni ni hii: gharama ya mtoaji ikikaribia bei ya kuanzia, mwombe pesa au punguza huduma. Kuna vijana wanaotoa ahadi kwa moyo mweupe, kisha wanakimbia simu kwa sababu hawakupiga hesabu hii.

Andika kinachouzwa

Vocha isiwe na maneno "droni siku nzima". Iwe na mambo haya, kwa lugha anayoisoma mnunuzi:

- Kazi gani: harusi, shamba, jengo linalojengwa, shule au hoteli.
- Wapi, na kilomita ngapi kutoka Garissa mjini kabla ya mnunuzi kuanza kulipia usafiri.
- Muda wa kuwa hewani, kwa dakika.
- Kitakachokabidhiwa: picha ngapi zilizohaririwa, video ya dakika ngapi, kwa siku ngapi.
- Tarehe ya mwisho ya kutumia vocha, na siku zisizowezekana.
- Nini kitafanyika upepo, mvua au kukosekana kwa kibali kukizuia kazi.
- Kama mtoaji ataruhusiwa kutumia picha hizo kujitangaza.

Kuhusu muda hewani, wengi hudanganyika. Watengenezaji huandika dakika 31 kwa droni ndogo kama DJI Mini 2 na hadi 46 kwa Mavic 3, lakini hizo ni hesabu za mazingira tulivu. Rubani mwenye busara hutua betri ikiwa bado na akiba. Betri nne kwa kawaida ni dakika 80 hadi 100 za kazi, si zaidi.

Halafu kuna jua letu. Droni hizo mbili zimewekewa kikomo cha nyuzijoto 40, na Garissa adhuhuri hukaribia hapo bila shida, huku droni iliyoachwa juu ya boneti la gari ikiwa imeshapita. Kwa hiyo vocha iseme wazi: kazi ni baada ya alfajiri hadi saa tatu au nne asubuhi, na tena kuanzia alasiri hadi kabla ya magharibi. Mnunuzi anayetaka picha za saa saba mchana ajue mapema kwamba hazimo.

Usiuze ambacho sheria haikuruhusu kukitoa

Nchini Kenya droni ziko chini ya Mamlaka ya Safari za Anga, KCAA. Kanuni za kwanza za 2017 zilibatilishwa na Bunge, na zinazotumika zilitoka 2020. Droni husajiliwa, haipandi zaidi ya futi 400 kutoka ardhini, sawa na mita 120 hivi, na anayefanya kazi ya biashara anahitaji cheti cha uendeshaji na rubani mwenye leseni. Kuruka karibu na uwanja wa ndege, usiku, au juu ya halaiki ya watu si jambo la kujiamulia, linahitaji idhini. Asiseme mtu kwamba hii ni sadaka na si biashara. Mnunuzi amelipa na kazi inafanywa kwa ajili yake, kwa hiyo kamati iombe nakala za karatasi kabla ya kuandika jina la mtoaji kwenye orodha.

Kaunti ya Garissa ina uzito wake zaidi. Imepakana na Somalia, ina kambi za wanajeshi na polisi, na upande wa kusini uko msitu wa Boni, ambako operesheni ya usalama ilianzishwa 2015. Mji huu haujasahau tarehe 2 Aprili ya mwaka huo, watu 148 walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Chombo kinachonguruma angani bila taarifa kinaweza kuleta taharuki au risasi. Kituo cha polisi na ofisi ya kamishna wa kaunti zijulishwe kila kazi. Huduma ya kupiga picha kambi za Dadaab isinadiwe kabisa bila idhini ya Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, makao ya hirola, nayo ina wenyewe wa kuombwa ruhusa.

Na kuna stara. Ua zetu zina kuta kwa sababu. Mwanamke akiwa uani kwake amevua mtandio, hakutarajia jicho kutoka juu. Sura ya An-Nur imetuamrisha kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu, na kamera inaingia hata miguu ikibaki nje. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inahesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa taarifa zake binafsi. Kwa harusi, vocha iseme droni itapiga ukumbi kwa nje na msafara, si upande wa wanawake.

Masharti haya yote yana bei. Huduma yenye vibali kamili ina thamani kubwa zaidi, na dalali aseme hivyo ukumbini.

Siku ya mnada

Angalia nani yuko ukumbini. Harusi moja ina mnunuzi mmoja au wawili, na mashindano yanataka watu watatu au zaidi wanaokihitaji kitu. Huduma ya kupiga picha shamba la kando ya Mto Tana, jengo linalojengwa au shule inayotafuta wafadhili huwapata wakandarasi, wakulima na wakurugenzi wa shule kwa pamoja. Ukiwa na mtoaji mmoja, mpe mnunuzi achague kati ya kazi mbili zenye uzito sawa.

Usiiweke huduma kwanza wala mwisho. Iweke katikati, baada ya mbuzi, na uonyeshe kwenye skrini video fupi ya kazi ambayo mtoaji aliifanya kweli.

Mambo mawili yaepukwe. La kwanza ni kumpanga mtu apandishe bei bila nia ya kununua. Hiyo ni najshi, na Mtume ameikataza. Faida yake kwenda kwa mayatima haiihalalishi. Kutangaza thamani ya uongo, kama nilivyofanya mimi bila kuuliza, kunabisha mlango huohuo. La pili ni kuigeuza huduma kuwa tikiti za bahati nasibu pale bei isipopanda. Hapo umetoka kwenye mnada ukaingia kamari. Bei isipofika, mshukuru mtoaji, uihifadhi huduma yake kwa harambee nyingine.

Baada ya takbira

Mnunuzi alipe siku hiyohiyo, taslimu au kwa namba ya M-Pesa ya kamati, si ya mtu binafsi. Apewe risiti na vocha yenye sahihi tatu: yake, ya mtoaji na ya mweka hazina. Pesa za huduma zisitumike hadi kazi ifanywe au siku 30 zipite, ili zikidaiwa ziwepo. Mtoaji naye apewe barua ya shukrani yenye kutaja kazi aliyoitoa na bei ya kweli iliyofikiwa.

Yule mzee wa mifugo tulikutana tena msimu uliofuata, katika harambee ya kisima. Alipoona vocha ya droni mezani aliisoma yote, mstari kwa mstari, akauliza maswali mawili, kisha akainua mkono. Safari hii thamani iliyoandikwa ilikuwa 30,000. Alitoa 34,000, na hakuna aliyemwomba radhi baadaye.