Kamera ya Infraredi kwa Picha za Anga

Kamera ya infraredi kwa picha za anga ni kamera ya dijitali ambayo kichujio kilichowekwa kiwandani mbele ya sensa yake kimeondolewa au kubadilishwa, ili ipokee mwanga mwekundu uliokolea na, pengine, mionzi ya infraredi, yaani mionzi yenye mawimbi marefu kupita yale yanayoonekana kwa jicho la binadamu. Sensa ya silikoni huhisi mwanga hadi karibu nanomita 1,100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ilhali jicho hukomea karibu 700. Kichujio huwekwa ili rangi za picha za kawaida zilingane na zile zinazoonekana kwa macho.

Hata hivyo, kinachotafutwa na wengi wanaopiga picha za nebula, ambazo ni mawingu ya gesi na vumbi angani, si infraredi yenyewe, na asiyelijua hilo huishia kununua asichokihitaji. Hidrojeni inayochochewa na nyota zenye joto kali hutoa mwanga mwekundu wa nanomita 656.3, uitwao hidrojeni-alfa, ambao bado unaonekana kwa jicho. Lakini kichujio cha kiwandani huanza kuzuia mapema mno, kikapitisha sehemu ndogo tu ya mwanga huo. Hasara yake hudhihirika wazi katika nebula ya Kichwa cha Farasi, iliyoko katika kundinyota la Jabari: kichwa chenyewe ni vumbi jeusi lisilong'aa, nalo hutambulikana kwa sababu tu hidrojeni nyekundu inang'aa nyuma yake, kwa hiyo wekundu ukipotea, umbo nalo hupotea.

Kampuni mbili kubwa ziliwahi kutengeneza kamera za kazi hii: Canon ilitoa EOS 20Da mwaka 2005, EOS 60Da mwaka 2012 na EOS Ra mwaka 2019, na Nikon ikatoa D810A mwaka 2015. Kwa kuwa uzalishaji wake umekoma, mnunuzi hutafuta iliyokwisha kutumika, au humpa fundi kamera ya kawaida aibadilishe kichujio, kazi ambayo kwa kawaida hufuta dhamana ya kiwanda.

Kichujio kikiondolewa kabisa, infraredi huingia yote, na kwa kuwa lenzi nyingi haziikusanyi mahali pamoja na mwanga wa kawaida, nyota huvimba na kuzungukwa na ukungu, hadi kichujio kingine kifungwe mbele. Darubini inayotumia vioo vya kuakisi pekee, bila lenzi, haina kasoro hiyo.

Joto nalo lisipuuzwe, hasa na wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki, kwani umeme unaozaliwa ndani ya sensa hata pasipo mwanga, ambao huleta chembechembe za kelele pichani, huongezeka takriban maradufu kila joto lipandapo nyuzi sita hivi za Selsiasi. Kamera maalumu za anga zenye kipoza cha umeme hulitatua tatizo hilo vizuri kuliko nyingine zote, ila huhitaji kompyuta na umeme wa kutosha shambani au ufukweni.

Kwa anayeanza, kamera iliyokwisha kutumika yenye kichujio kinachopitisha hidrojeni-alfa na kuzuia infraredi inatosha. Ya kuondolewa kichujio kabisa inamfaa anayekusudia kupiga pia mandhari ya mchana kwa infraredi.