Tintin Congo: kicheko cha Bruxelles, kilio cha Wapende

Mwezi Juni 1930, watoto wa Ubelgiji walianza kusoma hadithi mpya katika gazeti lao la kila wiki, Le Petit Vingtième. Ilikuwa hadithi ya michoro kuhusu Tintin, kijana mwandishi wa habari, na mbwa wake Milou, wakiwa safarini Congo. Mchoraji wake, Georges Remi, anayejulikana kwa jina la Hergé, alikuwa na miaka 23. Hakuwahi kukanyaga udongo wa Congo. Picha nyingi alizichukua kutoka makumbusho ya Tervuren, karibu na Bruxelles, na mengine aliyapata katika habari za wamisionari na wakoloni.

Katika kitabu hicho, Mkongomani ana midomo mikubwa, anasema Kifaransa kilichovunjika na anaogopa kila kitu. Tintin ndiye anayefundisha, anayeamua kesi, anayetibu. Mwishoni wanakijiji wanachonga sanamu yake na ya mbwa wake, na kuzipigia magoti. Katika chapa ya 1931, Tintin anaingia darasani na kuwaambia watoto weusi kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Chapa ya rangi ya mwaka 1946 ilibadilisha somo hilo kuwa hesabu, lakini midomo na magoti vilibaki.

Kuna mahali gari la Tintin linagongana na treni ndogo, na treni inaanguka. Wakongomani wanaambiwa waiinue, nao wanasitasita. Hata mbwa anawakaripia kama wavivu. Msomaji wa Bruxelles alicheka. Hakuambiwa kwamba wakati huohuo reli ya Matadi hadi Léopoldville ilikuwa inajengwa upya na maelfu ya wanaume walioondolewa vijijini kwa nguvu, na kwamba wengi hawakurudi nyumbani.

Hadithi hiyo ilimalizika gazetini mwezi Juni 1931. Mwezi huohuo, katika eneo la Kwango, Wapende waliasi. Walikuwa wamelazimishwa kukata ngazi kwa ajili ya kampuni za mafuta ya mawese. Bei ya ngazi ilishuka, lakini kodi waliendelea kudaiwa, na asiyelipa alikutana na fimbo au jela. Mtumishi mmoja wa serikali ya kikoloni, Maximilien Balot, aliuawa. Jeshi la Force Publique lilijibu kwa risasi. Wapende zaidi ya 500 walikufa.

Mwaka 2007, Mkongomani aliyekuwa akiishi Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, alifungua mashtaka Bruxelles kuhusu kitabu hicho. Mwaka 2012 mahakama ilikataa ombi lake, ikisema kwamba kitabu kilitokana na mawazo ya wakati wake. Hergé mwenyewe, kabla ya kufa mwaka 1983, alikiri kwamba alikichora akiwa amejaa mawazo ya mazingira aliyolelewa.

Lakini wakati ule haukuwa wa wazungu peke yao. Wapende nao waliishi mwaka 1931, na walijua vizuri kwamba wao si watoto wala wavivu. Mawazo yao hayakuchapishwa tu. Mwaka 1948 Paul Lomami Tchibamba alipata tuzo huko Bruxelles kwa hadithi yake Ngando, na Mkongomani akaonekana kitabuni akiwa mtu mwenye familia, uchungu na akili yake mwenyewe.

Leo mafundi wa Kinshasa wanachonga Tintin wa mti na kuwauzia wageni. Ni kazi yao, na inalisha watoto. Kitabu chenyewe pia bado kinauzwa. Mzazi anayekileta nyumbani hana haja ya kukichoma. Amwambie mtoto kilichokuwa kikitokea Kwango wakati watoto wa Bruxelles walipokuwa wakicheka, kisha ampe na Ngando. Baada ya hapo mtoto ataamua mwenyewe nani alikuwa mshenzi.